Kulifufua gari la beringi pamoja na mtoto

Mpwa wangu alilikuta nyuma ya banda la kuku, limelaliwa na mabati mawili ya zamani. Lilikuwa la kaka yake, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na akiliona anajifanya halijui. Ubao mmoja mrefu wa kukalia, mti wa mbele, mti wa nyuma, beringi tatu. Ya nne ilikwishaondoka na ncha yake. Akalikokota hadi uani, likija kwa kugoma kama mbuzi wa mnadani. "Mjomba, hili bado zima," akaniambia. "Limechoka tu kidogo."

Tulilitengeneza kwa Jumamosi mbili. Hapa chini ni jinsi tulivyofanya, pamoja na mambo ambayo tungeanza nayo laiti tungeyajua mapema. Kama hukukulia mahali penye mteremko na huyajui magari haya, ni hivi: ubao wa kukaa, chini yake miti miwili iliyokaa kikingamo, na kwenye kila ncha ya mti beringi ya chuma (ringi mbili, moja ndani ya nyingine, zenye gololi katikati) iliyotolewa kwenye mashine au gari, ikitumika kama tairi. Mti wa nyuma umefungwa moja kwa moja. Wa mbele umeshikwa na bolti moja katikati ili uzunguke, na mtoto anauongoza kwa miguu au kwa kamba. Halina injini wala pedali. Ni mteremko na makelele. Ndugu zetu wa Goma, Kongo, wana binamu yake mkubwa, chukudu, ile skuta ya mbao ya kusukuma, ambayo hubeba viazi, makaa na saruji na kulisha familia, hata ikajengewa sanamu kwenye mzunguko wa barabara mjini. Gari letu hubeba mtoto mmoja, basi.

Mwache mtoto aseme linaumwa wapi

Kabla ya kushika nyundo, mpeleke mtoto na gari lake kwenye sakafu ya saruji iliyo tambarare. Alisukume likiwa tupu, halafu akiwa amelipakia ndoo ya maji. Akae kimya asikilize. Mpe daftari aandike mwenyewe, kwa maneno yake. Mpwa wangu aliandika hivi: "Kulia nyuma linalia. Kushoto mbele linakwama. Katikati linacheza. Linaenda upande." Mistari minne, na kila mmoja ulitupeleka kwenye kasoro yake. Linalolia ni beringi yenye mchanga. Linalokwama, mara nyingi ni mti unaosuguana na beringi. Linalocheza katikati ni tundu la bolti lililopanuka. Linalokwenda upande, miti yake miwili haiko sambamba.

Hapo ndipo watu wazima tunapoharibu. Unaliona gari, unajua dawa yake, unachukua msumeno. Jumamosi ya kwanza nilikata mbao kwa dakika 20 hivi, nimeinama, najisifu moyoni. Nilipoinua kichwa mpwa wangu alikuwa anacheza na paka. Tukaanza upya kwa mkataba: yeye anapima, anachora, anasafisha, anapiga msasa, anakaza nati. Mimi nashikilia mti usiteleze, nakata kwa msumeno pale panapohitaji nguvu, natoboa kwa drili. Patasi tunaishika wote, yeye mbele na mimi nyuma yake, na mkono wa mtu yeyote hauwi mbele ya makali.

Vifaa havikuwa vingi: nyundo, msumeno wa mbao, patasi moja, tupa, spana mbili za namba ileile (kaza nati kwa spana moja uone bolti inavyozunguka nayo, utajua kwa nini mbili), koleo, drili ya kuazima, futi, msasa, mafuta ya taa, mswaki uliokwisha kazi, na grisi ya kujaza kizibo kimoja cha soda. Ongeza miwani ya kazi kwa kila mtu. Hiyo usiiazime, nunua.

Kulifumua

Lifumue lote. Ukirekebisha upande mmoja huku mwingine umefungwa, hutajua kama miti imenyooka. Piga picha kwa simu kabla ya kila unachofungua, kwa sababu kila mtoto hukumbuka lilivyokuwa, na kila mmoja hukumbuka tofauti.

Misumari mizee usiitupe. Ing'oe kwa koleo huku umeweka kipande cha ubao chini yake ili usiubonyeze mti. Kunyoosha msumari juu ya jiwe kwa nyundo ndogo ni kazi ya kwanza nzuri ya mtoto wa miaka 8 au 9: anaushika kwa koleo, si kwa vidole, anaugeuza, anagonga nundu, anaugeuza tena. Mpwa wangu alinyoosha 11 akaikataa miwili kwa kuwa imeliwa na kutu. Kabla ya kuigongomea tena, mwonyeshe kijanja kimoja cha maseremala: ugonge msumari kidogo kwenye ncha ili iwe butu. Msumari wenye ncha kali hupenya kama kabari na kupasua mbao. Wenye ncha butu huponda nyuzi za mbao njiani, na ubao haupasuki kirahisi, hasa karibu na mwisho.

Beringi

Kuitoa beringi kwenye ncha ya mti kuna namna yake. Usiipige moja kwa moja kwa nyundo. Chuma cha beringi kimekomazwa hadi kikawa kigumu na chepesi kuvunjika, na nyundo nayo ni ngumu. Vipande vyake huruka, na jicho ndilo huwa karibu. Ng'oa kwanza msumari unaoizuia, kisha weka kipande cha mbao ngumu nyuma ya beringi ukigonge hicho, kidogo huku, kidogo kule, hadi itoke.

Sasa zisome. Pembeni mwa beringi pamechorwa namba, na mtoto ataifurahia hesabu yake. Za kwetu zilikuwa 6306. Chukua tarakimu mbili za mwisho, 06, zidisha kwa 5, unapata 30: ndio upana wa tundu kwa milimita. 6205 ina tundu la 25, 6308 la 40. Kanuni hii inaanzia 04 kwenda juu. Zile ndogo zina utaratibu wake, 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Ukiijua hiyo huendi kwa fundi kuomba "beringi kama hii". Unaomba namba.

Zile tatu zilizobaki tulizilaza kwenye kopo la mafuta ya taa usiku kucha. Dizeli nayo inafaa. Petroli hapana, mvuke wake unatafuta moto hadi jikoni. Asubuhi mtoto anasugua kwa mswaki, anazungusha, anasugua tena, hadi mafuta yanayotoka yasiwe na weusi wala chembe. Kama beringi imefunikwa kwa ringi za mpira, zinyanyue taratibu kwa ncha ya kisu kidogo upande wa ndani ili uoshe, halafu uzirudishe. Ndizo zinazozuia mchanga. Na mkikuta gereji yenye upepo wa kujazia matairi, mtoto atataka kuizungusha beringi kwa upepo ili isikike kama ndege. Mkataze. Bila mzigo na bila grisi inaweza kuzunguka kasi kuliko uwezo wake, kile kibati kinachotenganisha gololi kikapasuka, na gololi zikatoka kama risasi.

Baada ya kukauka, kipimo. Shika ringi ya ndani kwa vidole viwili, zungusha ya nje polepole karibu na sikio. Inayoteleza kimya ni nzima. Inayokwaruza kidogo, ioshe tena. Inayogonga mahali palepale kila inapozunguka ina kidonda kwenye njia ya gololi, na hicho hakina dawa. Yenye ulegevu wa kuchezacheza bado inafaa kwa gari hili. Itapiga kelele zaidi, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamikia kelele. Moja ya zetu ilikuwa ya buluu upande mmoja, dalili ya chuma kilichounguzwa na joto. Tukaitupa.

Kwa hiyo tulihitaji mbili. Nilimpeleka gereji, nikabaki nje makusudi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unataka nini, kijana?"

"Beringi chakavu za 6306. Mbili."

Fundi akamtazama kwanza usoni, halafu mikononi. Akaenda kwenye ndoo ya vyuma, akachakura. "Hizi hapa tatu. Moja inalia, usiniambie sikukuambia." Alikataa hela. Mafundi wengi wanayo ndoo hiyo, na wengi wao walianzia kwenye magari haya haya.

Grisi iwe kidogo. Mtoto hufikiri ikijaa ndiyo nzuri, kumbe inafurika nje, inakusanya mchanga, na ndani ya wiki una tope la kusagia chuma. Ichovye kwa kidole, isukume katikati ya gololi, zungusha, ifute inayobaki nje. Theluthi moja ya nafasi iliyomo ndani inatosha.

Ncha

Hapa ndipo gari letu lilipofia, na mengi hufia hapa hapa, kwa hiyo tukae kidogo. Ncha ni ule mwisho wa mti uliochongwa mviringo ili uingie kwenye tundu la beringi. Ringi ya ndani ya beringi inatulia juu yake bila kuzunguka. Ya nje ndiyo inayokimbia barabarani. Ncha ikilegea, ringi ya ndani nayo inaanza kuzunguka juu ya mti na kuula kama panya. Siku moja inakatika.

Ncha iliyokatika haiungwi. Badili mti mzima. Sisi tulipata mpera uliokatwa kwa jirani, ukakaushwa darini miezi kadhaa. Anayechonga panda za manati anajua kwa nini mpera: hauvunjiki ovyo. Mninga au mkaratusi uliokauka vizuri unafaa pia. Paini laini ya makasha usiitumie kwenye ncha, hata ukiipata bure.

Mti wetu ni wa milimita 50 kwa 50, ile mbili kwa mbili ya kawaida. Beringi ya 6306 ina kipenyo cha nje cha milimita 72 na unene wa 19. Piga hesabu pamoja na mtoto: nusu ya 72 ni 36, nusu ya mti ni 25, basi tumbo la mti litakuwa milimita 11 juu ya ardhi. Kidogo, lakini linatembea. Ungetumia 6205, yenye kipenyo cha 52, ingebaki milimita 1 tu, na kila kokoto lingekuwa ukuta. Kama huna ila beringi ndogo, usichonge ncha katikati ya mti. Ichonge ikiwa imeshuka, ikaribiane na upande wa chini, na gari litanyanyuka.

Kuchonga kwenyewe. Pima sentimita 4.5 kutoka mwisho wa mti: hiyo ni nafasi ya beringi pamoja na inayobaki nje kwa ajili ya kizuizi. Zungusha mstari kwa penseli pande zote nne. Kwenye uso wa mwisho wa mti, weka beringi katikati na umwambie mtoto achore duara kwa ndani ya tundu lake. Halafu kata kwa msumeno kwenye mstari, pande zote nne, kina cha milimita 9 tu kila upande. Bandika utepe kwenye msumeno mahali pa kusimama, maana msumeno ukizidisha umeikata ncha nusu kabla hujaianza. Sasa simamisha mti, chonga pembe kwa patasi hadi uwe na pande nane. Kutoka hapo weka patasi, shika tupa.

Tupa ndiyo kazi ya mtoto, na ni ya saa nzima. Atataka kujaribu beringi kila baada ya dakika moja; mwache ajaribu, ila mpe masizi. Chukua masizi ya chini ya sufuria, paka ndani ya tundu la beringi, isukume kwenye ncha kwa mkono, itoe. Palipoachwa weusi ndipo panapobana. Piga tupa hapo tu. Rudia. Mpwa wangu alipoelewa, alinyamaza kabisa. Nilisikia tupa, pumzi yake, na mara moja moja "bado" ya chini chini. Weusi ulianza kama doa moja, ukawa madoa matatu, mwishoni ukawa ringi nzima. Hapo beringi inaingia kwa kugongwa kwa kipande cha mbao kilichotulia juu ya ringi ya ndani, na haitoki kwa mkono. Ikiingia kwa kuteleza tu, umekwishapitiliza. Funga ncha kwa ukanda mwembamba wa kitambaa chenye gundi ya mbao kabla ya kuirudisha, ingawa sikuahidi ukanda huo utaishi mwaka.

Bado kuna bega, yaani pale ncha inapokutana na mti mnene. Bega likiwa limekatwa wima, linagusa ringi ya nje pia, na hiyo ndiyo sababu ya lile "linakwama". Unaweza kuwa na beringi mpya kutoka dukani na gari likagoma. Lichonge bega literemke kama kalamu iliyochongwa, liguse ringi ya ndani peke yake. Au weka washa ndogo (kile kisahani cha chuma chenye tundu) kati ya bega na beringi, ambayo haifiki kwenye ringi ya nje. Pima kwa kupitisha karatasi ya daftari kati ya bega na ringi ya nje. Ikipita kuzunguka bila kukwama, umemaliza.

Kizuizi cha nje ni msumari wa inchi tatu uliopita kwenye ncha. Toboa tundu kwanza kwa drili, jembamba kidogo kuliko msumari, maana ukiupigilia hivi hivi ncha inapasuka na saa yako ya tupa imekwenda. Weka washa, pitisha msumari, ukunje.

Katikati na pembeni

Tundu la bolti ya katikati lilikuwa limepanuka likawa kama yai. Kuna watakaokuambia uweke bolti nene zaidi. Inafanya kazi kwa miezi miwili, kisha tundu linakuwa yai kubwa zaidi. Sisi tulichonga kigingi cha mpera, tukakipaka gundi, tukakigongomea kwenye tundu, tukakiacha hadi kesho yake, tukatoboa upya katikati. Ndani ya tundu jipya tuliingiza kipande cha bomba la chuma ili bolti izunguke ndani ya chuma na isile mbao. Bolti ya milimita 12 inatosha. Washa pana juu, washa pana katikati ya ubao na mti, washa pana chini, halafu nati mbili, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ikaze hadi mti uzunguke kwa uzito kidogo. Ya pili ishikilie ya kwanza kwa spana ya pili. Nati moja peke yake hufunguliwa na mtikisiko, na haitakuambia.

Kisha kitu ambacho magari mengi ya watoto hayana: vizuizi vya kona. Mti wa mbele ukiachwa huru unaweza kujikunja kabisa chini ya ubao ukiwa kwenye kasi, na mtoto akaendelea na safari peke yake. Pigilia vipande viwili vya mbao chini ya ubao, kulia na kushoto, ili mti usigeuke zaidi ya theluthi moja ya kona mraba, yaani nyuzi 30 hivi.

Kuhakikisha gari haliendi upande, tumia uzi. Elekeza mti wa mbele sawasawa, vuta uzi kutoka ncha ya mbele kulia hadi ya nyuma kulia, ushike hapo, uhamishie kushoto. Tofauti ikizidi nusu sentimita, legeza mti wa nyuma uusogeze. Yetu ilikuwa sentimita 2, na kaka mtu alikuwa analaumu barabara miaka yote hiyo.

Ubao wa kukalia una mambo machache. Uchome kwa ncha ya kisu: inapozama kama kwenye ndizi, umeoza. Vitundu vidogo vyenye unga mweupe ni dumuzi, na ubao huo ni wa jikoni. Uliopona, uweke juu ya matofali mawili usimame juu yake wewe mtu mzima. Piga msasa pale makalio na mapaja yanapopita.

Breki

Kuna watu watakuambia miguu ndiyo breki. Nikiwa darasa la tano breki yangu ilikuwa kandambili ya kushoto. Kandambili iliisha kabla mteremko haujaisha, na kovu la kisigino ninalo hadi leo. Mpwa wangu nilimwonyesha, akaligusa, tukaenda kutafuta kipande cha tairi.

Chukua mti imara wa sentimita 60, ulaze ubavuni mwa ubao wa kukalia, upande wa mkono wenye nguvu. Toboa sentimita 15 kutoka mwisho wake wa nyuma, uufunge kwa bolti kwenye kipande kinene cha mbao ulichokwisha kukikaza ubavuni kwa bolti mbili. Sasa una bembea ndogo: sentimita 45 mbele, 15 nyuma. Mtoto akivuta mkono wa mbele kwenda juu, kama handibreki ya gari, mwisho wa nyuma unashuka na kuisugua barabara, kwa nguvu karibu mara tatu ya ile ya mkono wake. Akiachia, uzito wa upande mrefu unaunyanyua tena; ongeza ukanda wa tyubu uuvutie chini upande wa mbele.

Mguu wa breki, yaani huo mwisho unaosugua barabara, lazima uelekee nyuma, ukokotwe. Ukiugeuza uelekee mbele utachimba barabara na kulinyanyua gari kama mtu anayeruka kwa upondo.

Kwenye mwisho huo vika kipande cha tairi, ukikunje kama soksi, na misumari yote ipigwe kutoka ubavuni. Ikipigwa kutoka chini, siku mpira utakapoisha vichwa vya misumari ndivyo vitakavyogusa lami: cheche nzuri, breki hakuna. Na breki iguse ardhi, isiguse beringi. Chuma juu ya lami huteleza hata kikiacha kuzunguka, na kwenye lami yenye maji huteleza zaidi.

Kulijaribu

Hapa Mwanza nyumba zimepanda vilima na kila mtoto ana mteremko wake, lakini si kila mteremko unafaa. Zile barabara za mawe yaliyopangwa zinawafaa waenda kwa miguu na magari. Beringi inarukaruka juu yake hadi meno yanagongana. Mchanga ndio kabisa, chuma chembamba kinazama. Tafuta saruji au lami kavu isiyopitiwa na magari wala bodaboda: uwanja wa shule siku ya mapumziko (omba ruhusa kwanza), njia ya ndani ya kanisa au msikiti, ua mrefu. Mwishoni pawe na tambarare ndefu, pasiwe na ukuta.

Urefu wa mteremko si hoja kubwa kuliko mshuko wake. Gari lisilo na msuguano likishuka mita 1 tu kwenda chini, lina kilomita 16 kwa saa. Likishuka mita 5 linafika karibu 36. Beringi, upepo na grisi hupunguza hapo, lakini usizitegemee. Tulianza na mshuko wa mita 1, nikisimama chini.

Safari ya kwanza gari linashuka na ndoo ya maji. Ya pili, mtoto anashuka mwendo wa kutembea huku nimeshika kamba nyuma. Ya tatu, peke yake, na sharti moja: avute breki katikati, hata kama hahitaji kusimama. Helmeti kichwani, viatu vya kufunga, suruali ndefu, mikono isishike ubao karibu na beringi. Zikipita hizo tatu, rudini mkakague kila nati, kwa sababu mbao mpya hujibana na bolti hulegea safari za mwanzo. Yetu ya katikati ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Mpwa wangu aliikaza mwenyewe, akaichora mstari wa wino uliopita kwenye nati na washa pamoja, ili kesho akitazama tu ajue kama imesogea. Mstari huo sikumfundisha mimi.

Spana moja sasa inakaa chini ya ubao, imefungwa kwa ukanda wa tyubu. Baada ya mvua anazifuta beringi na kuziongeza grisi ncha ya kidole; kila mwezi anazitoa, anazilaza kwenye kopo. Kaka yake wa kidato cha tatu alikuja Jumapili jioni, akalizunguka mara mbili mikono ikiwa mfukoni, akauliza kama breki hiyo inashika kweli. Akaambiwa asubiri zamu yake.